Vidonge vya Mtani

Siku tulipomzika mume wangu Lazaro, paroko alikuwa amekwisha kunyunyiza maji ya baraka na vijana wameshika makoleo, mzee Bundala alipojipenyeza hadi ukingoni mwa kaburi, akavua kofia na kupaza sauti:

"Msimfukie! Huyu Mfipa ni mwizi. Amekula dawa zangu, sasa anakimbia nazo!"

Waliomjua walicheka huku wanafuta machozi. Bundala ni Msukuma, sisi ni Wafipa, na mtani akija msibani ana ruhusa ya kumwambia marehemu chochote mpaka atulizwe kwa kitu. Theodory, mdogo wake Lazaro, alimpa jogoo, naye Bundala akarudi nyuma akiwa amemkumbatia jogoo wake na kulia kama mtoto. Lakini walikuwapo pia watu wa ofisini na wapangaji wa jirani, wageni kwetu, ambao hawakujua kwamba wamesikia utani. Haukupita muda binti yangu Gaudiosa akaulizwa sokoni kama ni kweli baba yake alifukuzwa hospitali huko Mbeya kwa kuiba dawa za wagonjwa wenzake.

Sikwenda sokoni kugombana. Wasifu uliosomwa siku ya mazishi ulikuwa mfupi, ukamalizia kwa maneno ya kawaida kwamba marehemu aliugua kwa muda mrefu. Nauandika mwingine, mrefu kidogo, ili wajukuu wetu wakiulizwa wawe na cha kujibu.

Lazaro alikuwa bwana shamba. Alizaliwa upande wa Laela, akasomea kilimo, akarudi Ufipa na pikipiki ya serikali iliyokuwa ikizimika kila ilipoona mlima. Kazi yake ilikuwa kupima mashamba ya majaribio. Alikuwa na kamba ya katani yenye mafundo, na kwa kamba hiyo alikata vipande vilivyo sawa katika shamba la mkulima: hiki kinapata samadi, hiki mbolea ya dukani, hiki vyote viwili, na hiki cha mwisho hakipati kitu. Ili asipendelee, aliandika alama kwenye vijiti, akavitia kofiani, na mwenye shamba ndiye aliyevuta. Kipande ambacho hakikupata kitu ndicho alichokilinda kuliko vyote. "Bila hiki," alikuwa akisema, "sijui kama mahindi yameoteshwa na mbolea yangu au na mvua ya Mungu."

Kisa chake kipenzi kilikuwa cha Bibi Emerensiana, mjane mmoja aliyempa shamba lake. Msimu ule vipande vyote vilistawi sawasawa, hata kile kisichopewa kitu. Lazaro akazunguka shamba, akapiga magoti, akafukua udongo kwa vidole. Akakuta samadi.

"Bibi, nani ametia samadi hapa?"

"Mimi, mwanangu."

"Lakini tulikubaliana hiki kisipewe kitu!"

"Tulikubaliana, ndiyo. Ila nikipita asubuhi naona wenzake wanashiba, chenyewe kimenyong'onyea. Wewe una watoto? Mmoja unamlisha, mwingine unamwacha aangalie?"

Lazaro ilimbidi ayaache matokeo ya shamba lile lote, na mkubwa wake wa kazi alimsema vibaya. Lakini kila alipokisimulia kisa hicho hapa nyumbani alicheka mpaka akashika mbavu. "Huruma ya Bibi Emerensiana," alisema, "iliharibu kazi kuliko nyani."

Alistaafu, tukajenga Malangali, hapa Sumbawanga mjini, naye akageuza kiwanja cha nyuma kuwa shamba. Alilima ntumba kama babu zake: majani yanafunikwa chini ya tuta la udongo, yaoze humo, maharage yapandwe juu, na msimu unaofuata tuta livunjwe lisambazwe kwa ajili ya mahindi. Vijana wa jirani waliona ni kazi ya kizamani. Yeye aliwajibu kwamba babu zetu walichanganya majani na udongo kabla ya kiwanda chochote cha mbolea kujengwa.

Ugonjwa ulianza kwa kwenda haja ndogo mara kwa mara, na mwanaume wa umri wake haoni hilo kuwa jambo la kumwambia mtu. Kisha mgongo ukaanza kumuuma, akausingizia jembe. Nilipomwona anashikilia ukuta ili avae suruali, nilimwambia tunakwenda hospitali, na hakubisha. Jibu lilikuwa saratani ya tezi dume, na ilikuwa imekwisha kuingia mifupani.

Hapa mjini maneno yalikuwa tayari yanatembea. Sumbawanga ina sifa yake, na mtu akikonda, kuna anayejua aliyemroga. Jirani mmoja alikuja kumshauri Lazaro ashuke bondeni kwa mtaalamu wa kienyeji. Lazaro alimkaribisha chai, akamsikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Ahsante. Sasa huyo mtaalamu wako, waliopona kwake ni wangapi kati ya waliokwenda?" Jirani alimaliza chai yake, akaaga.

Tulipelekwa Mbeya. Huko, Dokta Ambwene, kijana mpole wa huko huko, alitueleza kwamba kuna sindano inayopigwa kila baada ya miezi mitatu ya kushusha homoni ya kiume ambayo saratani hiyo huila, na kuna vidonge vinavyotumika pamoja nayo. Hiyo ndiyo tiba inayojulikana, na kila mgonjwa angeipata. Wao walikuwa wanajaribu jambo moja zaidi: kuongeza kidonge cha pili juu ya tiba hiyo, waone kama dawa zikiungana mgonjwa ataishi muda mrefu na maumivu yatapungua, au madhara tu ndiyo yataongezeka. Nusu ya wagonjwa wangepata kidonge chenye dawa, nusu kingine cha umbo lile lile kisicho na dawa ndani. Mgonjwa asingejua, na daktari pia asingejua, mpaka utafiti umalizike.

"Umenielewa, mzee wangu?" aliuliza.

"Nani anavuta vijiti?" Lazaro akauliza.

Dokta hakuelewa. Lazaro akamsimulia habari ya kofia na vijiti, na yule kijana akacheka kwa furaha, akasema kwao vijiti vinavutwa na kompyuta. Lazaro alikubali palepale. Tulipotoka nje nilimuuliza kama haogopi kuangukia upande usio na dawa. Alisema, "Mama Gaudi, nimewaambia watu maisha yangu yote kwamba kile kipande kina heshima yake. Leo nikatae kuwa kipande?"

Bundala tulimkuta kwenye benchi la kusubiri. Alikuwa mfugaji wa bondeni, upande wa Muze, chini ya ngema, ule ukingo mkali wa milima yetu, mwenye ugonjwa ule ule na aliyeingia kwenye utafiti ule ule. Aliposikia lafudhi ya Lazaro alimgeukia.

"Wewe Mfipa?"

"Mfipa. Na wewe ndiye mwenye ng'ombe waliokula mahindi yetu?"

"Hao hao. Hebu niambie, mtani. Nyinyi mnatuma radi ikamfuate mtu mpaka Tabora, imekuwaje mnashindwa na kauvimbe ka ndani ya suruali?"

Benchi zima lilicheka, wagonjwa na wauguzi. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kusikia ugonjwa ule ukitajwa kwa sauti mbele za watu, nami nikatazama sakafu. Lakini mume wangu alicheka kuliko wote, na kwa kweli alikuwa hajacheka tangu tupate majibu.

Tangu hapo walisafiri pamoja. Bundala alipanda kutoka bondeni siku moja kabla, akalala kwetu Malangali, na asubuhi wakapanda basi la Mbeya. Sindano ile iliwaletea wote wawili joto la ghafla, jasho likiwatoka hata upepo wa Juni ulipokuwa unavuma. Bundala alimwambia Gaudiosa, "Mwanangu, mama yako akitaka kujua habari za kukoma hedhi atuulize sisi." Nilimkemea. Alinijibu, "Shemeji, mtani hakemewi."

Lakini miili yao haikwenda pamoja. Baada ya miezi kadhaa Bundala alinenepa, kipimo chake cha damu kikashuka, akaacha fimbo. Lazaro kipimo chake kilishuka kidogo kisha kikasimama, na maumivu ya nyonga hayakumwacha. Hakuna aliyesema, ila kila mtu aliyewaona wamekaa pamoja aliamini anajua ni nani aliyepata kidonge chenye dawa.

Kilichotokea baadaye sikukiona. Nilikuwa jikoni nasonga ugali wa ulezi, wao wako sebuleni, na nilisikia vicheko. Lazaro alinieleza baadaye, tukiwa nyuma ya nyumba, yeye amekaa kwenye kigoda na mimi nachuma maharage juu ya ntumba.

Bundala alitoa chupa yake ya kidonge cha pili mfukoni, akaifungua, akamwambia, "Lete yako."

"Ya nini?"

"Lete, Mfipa. Mimi nile nyama wewe ulambe mchuzi, nitaonekanaje?"

"Bundala, hatujui nani ana nini."

"Ng'ombe wawili wamelala zizi moja, mmoja ananenepa, mwingine mbavu nje. Mchungaji anahitaji daktari amwambie aliyekula ni nani?"

"Haturuhusiwi."

"Mimi mtani wako nimekuomba chupa. Utaninyima?"

Mtani hanyimwi. Akiingia nyumbani mwako akaona kiti kinamfaa, atakibeba, nawe utacheka. Lazaro akaleta chupa. Bundala akamimina zote mbili kwenye sahani, akachanganya kwa mkono kama mtu anayechanganya mbegu, akagawa nusu kwa nusu na kurudisha. "Sasa," akasema, "tukipona tumepona wote. Tukifa, nitakutukana njiani."

"Na wewe ukakubali?" nilimuuliza mume wangu.

"Nilikubali." Alikuwa anatazama lile tuta. "Nyonga ilikuwa inaniuma, Mama Gaudi. Na mtu alikuwa ananigawia uhai wake kwenye sahani. Ungekataaje?"

Niliendelea kuchuma maharage. Baada ya muda akasema, "Nimekuwa Bibi Emerensiana." Safari hii hakucheka.

Alivimeza vidonge vile kwa majuma machache kisha akaacha, akaiweka chupa juu ya kabati, na kuanzia hapo hakuwa na amani. Hofu yake haikuwa adhabu. Alisema kuna wanaume wengi, wengine hawajazaliwa, watakaopewa au kunyimwa dawa ile kwa sababu ya kile kitakachoonekana kwake na kwa Bundala, na kinachoonekana sasa ni uongo. Kwa upande wa pili alikuwapo Bundala mwenyewe. Kama Lazaro akisema, huenda wote wawili wakaondolewa, na Bundala, ambaye kidonge kile kilikuwa kimemnyanyua, akarudia fimbo yake na maumivu yake. Dhambi ilikuwa ya wawili, na atakayeilipa zaidi ni yule aliyeitenda kwa wema.

Theodory alipojua alikuja mbio kutoka dukani kwake.

"Kaka, nyamaza tu. Nani atajua?"

"Mimi."

"Wewe unajua mambo mengi tu na unalala. Watakufukuza, mji mzima utasema umeiba dawa. Shemeji, mwambie! Si wewe unayelinda jina la nyumba hii?"

Nilimjibu Theodory kwamba jina la nyumba hii halikujengwa kwa watu kutojua mambo yetu. Lilijengwa kwa kaka yake kurudisha matokeo ya shamba zima kwa mkubwa wake na kusema yameharibika, wakati angeweza kuyaandika tu na kupanda cheo. Kisha nikamwambia mume wangu, "Lakini usiseme kabla Bundala hajasikia kwako. Usimpeleke mtu mahakamani bila wito."

Bundala alifika siku moja kabla ya safari, kama kawaida, na kibuyu cha maziwa ya mgando. Lazaro hakungoja ale. Alimwambia yote, pamoja na habari ya Bibi Emerensiana na samadi yake.

Bundala alikisogeza kibuyu kando.

"Kwa hiyo mimi ndiye samadi," alisema.

"Wewe ndiye bibi. Mimi ndiye bwana shamba niliyefungua lango."

"Watanipokonya dawa, Lazaro." Hakumwita Mfipa. "Nina mjukuu wa miaka mitatu, nimeanza tu kuweza kumbeba."

"Najua."

"Unajua, na bado unakwenda?"

"Nisipokwenda nawe, siendi. Ndiyo maana nakuuliza. Ukisema hapana, nitatoka kwenye utafiti mimi peke yangu, niwaambie nimechoka. Wewe utabaki. Ila nitakuwa nimewadanganya tena, na hiyo itakuwa ya pili."

Nilikuwa nimesimama mlangoni na sinia la chakula. Sikuingia. Bundala alichukua kofia yake, akaigeuzageuza, akaiweka tena.

"Nyinyi Wafipa," alisema, "mkipewa zawadi mnakwenda kuiripoti polisi." Kisha akaniona. "Shemeji, leta ugali. Nisije nikafia Mbeya na njaa."

Safari hiyo nami nilikwenda. Katika chumba cha Dokta Ambwene, Lazaro alisimama kusema, ingawa kusimama kulimuumiza. Hakulitaja jina la Bundala. Alisema "mimi na mwenzangu mmoja". Bundala, aliyekuwa amekaa karibu na mlango, akadakia, "Mwenzake gani? Ni mimi. Na wazo lilikuwa langu, yeye hana akili ya kufikiri hivyo."

Dokta aliweka kalamu chini. Niliona uso wake ukibadilika, na sitasema hakukasirika. Alitoka, akarudi na mkubwa wake, mwanamke mtu mzima mwenye miwani, na wakatuuliza mambo mengi: lini, kiasi gani, nani alimeza nini, nani alipata kizunguzungu. Dokta alitueleza kwamba vidonge vile vingeweza kuwadhuru; dawa hizo zikiungana hupandisha presha na kuchosha ini, na vipimo vya kila mtu husomwa kwa kuamini amemeza vidonge vya chupa yake mwenyewe. Hilo hawakuwa wamelifikiri. Wote wawili walichukuliwa damu palepale.

Kisha yule mama akasema hawatafukuzwa. Mgonjwa anayesema ukweli, alisema, hata akiwa amekosea, bado anawafundisha kitu. Anayewapoteza ni yule anayenyamaza. Yaliyotokea yataandikwa kama yalivyotokea, nao watahesabiwa kila mmoja katika kundi alilopangiwa tangu mwanzo. Kila mmoja atapewa chupa mpya, yake mwenyewe. Sindano na tiba ya kawaida zitaendelea kama zilivyokuwa.

"Na nani alikuwa na dawa ya kweli?" Bundala akauliza.

"Hatujui, babu. Hatutajua mpaka mwisho."

"Hata sasa? Hata baada ya kuwaambia yote haya?"

"Hata sasa."

Bundala alimgeukia Lazaro. "Unaona? Ningebaki na ng'ombe wangu."

Kwenye basi, tulipopita Tunduma tukaanza kurudi upande wetu, Lazaro alilala usingizi mzito, kichwa begani mwa Bundala. Bundala hakujisogeza mpaka Sumbawanga, ingawa mkono wake ulikufa ganzi na alinilalamikia kwa ishara njia nzima.

Mume wangu aliishi baada ya hapo kwa muda wa kuvuna ntumba zake na kuzivunja, na kupanda mahindi juu yake. Chupa yake aliiweka juu ya meza ya sebuleni, mahali ambapo kila aingiaye aliiona. Mwanzoni sikupenda, wageni wangeuliza. Waliuliza. Naye aliwajibu, akitaja jina la ugonjwa bila kushusha sauti, na wanaume wawili wa mtaa wetu, ambao siwataji, walikwenda kupimwa kwa sababu ya majibu hayo. Alipozidiwa alijua utafiti haujaisha, na kwamba atakufa bila kuambiwa alikuwa kipande gani. Nilimuuliza kama hilo linamsumbua. Alisema, "Bibi Emerensiana naye hakuishi kuona mavuno ya pili."

Baada ya habari zile za sokoni, Bundala alikuja. Alikuwa amezisikia hata huko bondeni. Aliketi kwenye kiti cha Lazaro bila kuomba, kama ilivyo haki yake, lakini kofia alikuwa ameivua.

"Shemeji, nimeliharibu jina la nyumba yako?"

"Ulisema kama mtani."

"Nikasimame kanisani niwaambie ulikuwa utani?"

"Mtani akieleza utani wake, utani umekufa," nilimwambia. "Acha. Nitaandika mimi."

Alifikiri, kisha akatabasamu. "Basi nipe kitu. Jogoo yule alikuwa mzee."

"Unataka nini?"

"Ile kamba yake yenye mafundo. Nitafungia ndama."

Kamba ile imepima nusu ya Ufipa. Lakini mtani hanyimwi, nikaitoa sandukuni nikampa. Aliikunja taratibu, fundo juu ya fundo, kwa namna ambayo mtu hakunji kamba ya ndama.

Bado anakwenda Mbeya, na bado analala kwetu. Jioni akifika, kabla ya kunawa mikono, anaingiza mkono mfukoni, anatoa chupa yake na kuiweka mezani, palepale ilipokuwa ya Lazaro. Mkwe wangu aliwahi kutaka kuisogeza ili apate mahali pa kuweka bakuli la mboga. Bundala akamshika mkono.

"Iache hapo, mwanangu," alisema. "Hiyo ni yangu peke yangu. Kuna mtu atakuja kuuliza ni ya nini."